Betri ya mtumbwi Mtera: ya gari, ya sola ya maji, kavu au lithiamu?

Mjomba wangu anavua kwenye bwawa la Mtera tangu sijaanza shule. Siku aliyonipigia simu aliitika shikamoo yangu harakaharaka kisha akaingia kwenye hoja: "Marahaba, mjomba. Ile betri yako imekufa tena." Alisema "yako" makusudi, maana ni mimi niliyemchagulia na ni mimi niliyeifunga. Ilikuwa ya pili ndani ya mwaka mmoja. N70 mpya ya gari, na muuzaji alikuwa ameniapia kwamba inawasha gari lolote.

Sibishi, ingewasha gari lolote. Ila mjomba hana gari. Ana mtumbwi wa mbao, mota ndogo ya umeme ya ratili 30 za msukumo aliyoipata kwa mtu, taa moja ya LED na simu mbili za kuchaji. Mimi kazi yangu ni kufunga sola hapa Dodoma mjini, kwa hiyo aibu ilinipata vizuri. Nikapanda basi la Iringa, safari ya kilomita kama 130, nikashuka pale barabara inapopita juu ya ukuta wa bwawa.

Nilikaa kambini siku tatu nikaona betri inavyokufa. Mjomba alitoka majini saa 11 alfajiri, betri imelegea. Akauza samaki, akalala. Mchana upepo ukawa mkali, hakuna aliyekwenda popote. Kesho yake bodaboda hakuja. Siku ya tatu ndipo betri ilipofungwa nyuma ya pikipiki kwenda kijijini kwenye umeme, ikachajiwa kwa muda wa saa mbili tu kwa sababu kulikuwa na foleni, ikarudi. Kwa hiyo ilikaa tupu siku mbili nzima, kisha ikajazwa nusu, kisha ikarudishwa kazini. Na yote hayo kando ya bwawa lenye mitambo ya megawati 80, ambalo maji yake yakishatoka hapo yanakwenda kuzungusha mitambo mingine ya megawati 204 kule Kidatu. Umeme unapita juu ya vichwa vya wavuvi, betri inapanda bodaboda.

Huko kusubiri ndiko kunakoua betri za risasi huku kwetu. Betri ya risasi inapotoa umeme, sahani zake hufunikwa na sulfeti ya risasi. Ukiichaji mapema, sulfeti hiyo inarudi ilikotoka. Ukiiacha tupu siku kadhaa inakomaa na kuwa ukoko mgumu ambao chaja ya kawaida haiung'oi. Kila safari ukoko unaongezeka, na betri iliyoandikwa ampea-saa 70, yaani kiasi cha umeme inachobeba, inabaki kuwa na 40, kisha 20. Joto nalo linachangia: kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za ziada juu ya 25 hupunguza umri wa betri ya risasi kwa karibu nusu. Anayejua jua la Mtera mwezi wa kumi hahitaji kuelezwa.

Tangu safari ile, mtu akiniuliza betri ipi ni nzuri kwa mtumbwi, mimi humuuliza kwanza mambo mawili: unatumia umeme kiasi gani kwa usiku mmoja, na ukishaumaliza betri itakaa muda gani kabla ya kuchajiwa? Bei inafuata baadaye.

Hesabu ya usiku mmoja

Mota ya ratili 30 ikiendeshwa kwa nguvu zote inakula kama ampea 30. Mjomba haendeshi hivyo. Anakwenda taratibu, na nilipopima kwa mita ilikuwa inazunguka kwenye ampea 13 hadi 15. Kwenda kwenye nyavu na kurudi ni saa mbili za mota, basi tuseme ampea-saa 30. Taa ya LED ya wati 10 haifiki hata ampea moja; ikiwaka saa nane ni kama 7. Simu mbili, 3. Jumla ni ampea-saa 40 kwa usiku.

Namba hiyo 40 ndiyo tutakayoibeba hadi mwisho. Yako inaweza kuwa tofauti. Mvuvi anayepiga kasia na kuhitaji taa tu hafiki hata 10. Na mwenye mashine ya petroli ya kuvuta kamba, kama zilivyo nyingi ndogo, hahitaji betri yoyote ya kuwashia. Nimewahi kumkuta mtu kwenye bwawa la Hombolo amebeba N50 kwenye boti yenye mashine ya kamba kwa sababu tu aliambiwa "boti lazima iwe na betri". Alikuwa anabeba kilo za bure.

Zinazouzwa madukani

Ukiingia maduka ya sola na vipuri hapa mjini utaoneshwa aina nne, hata kama muuzaji atazichanganya majina.

Ya kwanza ni betri ya gari: N50, N70, N120 na ndugu zake. Ndani ina sahani nyembamba nyingi, zimetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, injini ikiwaka basi, dinamo inairudishia. Ukiishusha hadi chini kila usiku, sahani hizo zinamomonyoka. Kazi hiyo inaivumilia mara makumi tu, haifiki mamia. Ni rahisi kununua, inapatikana kila kona, na kwa mota ya umeme ni hasara. Kama una mashine kubwa ya petroli yenye kuwashwa kwa swichi, hapo sawa, ndiyo kazi yake.

Ya pili ni betri ya sola ya maji. Sahani zake ni nene, inavumilia kushushwa hadi nusu na kupandishwa tena mara mia tatu hadi mia sita ikitunzwa. Ina vifuniko juu vya kuongezea maji. Hapo kuna masharti: lazima yawe maji ya betri yasiyo na madini, ya dukani. Maji ya visima vya Dodoma tunayajua wenyewe yanavyoacha chokaa kwenye birika. Ukiyatia ndani ya betri chokaa hiyo na chumvi zake zinakwenda kukaa kwenye sahani. Faida yake kubwa ni kwamba unaweza kuichungulia. Ukiwa na haidromita, kipimo cha uzito wa asidi, unapima kila chumba: asidi ikisoma 1.265 chumba kimejaa, ikisoma karibu 1.190 kiko nusu, na chumba kimoja kikiachana na wenzake unajua ugonjwa uko wapi. Hasara ni kwamba mtumbwi unayumba, na asidi ikimwagika inatoboa suruali, inakula mbao na kuunguza ngozi. Beba magadi soda kwenye kopo. Yakikorogwa na maji yanaua asidi iliyomwagika kwenye mbao. Kwenye ngozi osha kwa maji mengi, mara moja.

Ya tatu ni betri kavu. Hapa wauzaji wanachanganya AGM na jeli, na zote mbili si kavu kweli. Asidi imo, ila imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo au imegandishwa. Haimwagiki hata mtumbwi ukilala ubavu. Haihitaji maji. Lakini ni risasi vilevile: inachukia kusubiri ikiwa tupu kama ile ya maji, na ukiichaji kwa volti za juu kupita kiasi inapoteza gesi kupitia vali zake na huwezi kuirudishia. Jeli ndiyo nyeti zaidi, haitaki kupita volti 14.1 hadi 14.4 kulingana na mtengenezaji, na kontrola nyingi za bei rahisi, vile vidhibiti chaji vya sola, hazijui hilo.

Ya nne ni lithiamu, na kwa boti namaanisha aina moja tu, LiFePO4, yenye seli nne za volti 3.2. Hii si kemia ya betri za simu. Ni tulivu zaidi na haishiki moto kirahisi. Unaweza kutumia asilimia 80 hadi 90 ya kilichoandikwa, mara elfu mbili na zaidi. Na jambo lililonifanya nibadilishe mawazo yangu yote kuhusu Mtera ni hili: haina ukoko wa sulfeti. Ikikaa ikiwa nusu kwa wiki nzima ikisubiri bodaboda, haidhuriki. Isipokuwa usiiache tupu kabisa kwa miezi, maana saketi yake ya ulinzi, mafundi wanaiita BMS, inaendelea kunyonya kidogokidogo.

Kwa usiku wetu wa ampea-saa (Ah) 40, sura yao ni hii:

| | Ya gari, N70 | Sola ya maji, 100 Ah | Kavu AGM, 100 Ah | LiFePO4, 50 Ah |
|---|---|---|---|---|
| Uzito | kilo 17–20 | kilo 25–30 | kilo 28–32 | kilo 5–7 |
| Unachotumia bila kuiumiza | kidogo sana | kama 50 Ah | kama 50 Ah | 40–45 Ah |
| Volti ikiwa imejaa, imetulia | 12.6–12.7 | 12.6–12.7 | 12.8–13.0 | 13.3 na zaidi |
| Volti ya kuchajia | kama 14.4 | 14.4–14.8 | 14.4–14.7 | 14.2–14.6 |
| Ikisubiri siku kadhaa ikiwa tupu | inaharibika | inaharibika | inaharibika | inavumilia |
| Ikifa | wa chuma chakavu wanainunua | wanainunua | wanainunua | ni vigumu kupata mnunuzi |

Mtu akiona 100 upande mmoja na 50 upande mwingine hudhani nimempunja. Sivyo. Betri ya risasi ukitaka iishi unaishusha nusu tu, kwa hiyo 100 yake ni 50 yako. Tena hiyo 100 hupimwa ikitolewa polepole kwa saa 20, yaani ampea 5. Ukiivuta kwa ampea 30, mota ikiwa nguvu zote kukimbia upepo, robo ya kilichoandikwa au zaidi hutakiona usiku huo. Lithiamu haisumbuki na jambo hilo kwa kiasi cha kutajwa.

Uzito nao usiuone mdogo. Upande wetu wa bwawa ni tambarare, na maji yakipungua kiangazi ukingo unakimbia mbali sana na kambi. Mjomba alikuwa anabeba N70 begani kwenye matope akiwa peku. Kilo 30 za AGM kwa mwendo ule ni adhabu. Kilo 6 unazitia kwenye mfuko wa bega pamoja na sufuria ya ugali.

Bei, na bei nyingine

Dukani lithiamu inaumiza. Ukilinganisha kwa umeme unaotumika kweli, mara nyingi utaambiwa bei inayozidi ya betri ya sola ya maji mara mbili au zaidi. Sasa chukua kalamu. Betri ya maji ikitunzwa vizuri ikupe safari 400; lithiamu ikupe 2,000. Hata kama ya pili umeinunua kwa bei mara tatu, kila safari inakuja kwa bei ya chini, bado hujahesabu nauli za bodaboda na maji ya betri. Lakini hesabu hiyo ni ya mtu anayevua karibu kila siku. Anayeshuka majini Jumamosi tu, safari 50 kwa mwaka, betri ya maji itamzeekea kwa miaka kabla haijaisha kwa kazi, na kwake fedha ya lithiamu ingekaa bure. Mtu wa hivyo, mwenye umeme nyumbani na mwenye subira ya kuongeza maji, mimi humwambia anunue ya sola ya maji na asione haya.

Kuna wizi upande wa lithiamu ambao lazima niuseme. Zipo zinazoandikwa 100 ndani zikiwa na seli za 40, na huwezi kuona kwa macho. Njia yangu ni taa ya mbele ya gari ya wati 55. Jaza betri, iwashe taa hiyo, andika saa. LiFePO4 ya 50 ya kweli inapaswa kuiwasha kwa muda wa karibu saa 11. Ikizima saa ya tano, irudishe hukohuko pamoja na karatasi yake ya dhamana. Kwa betri ya risasi nenda dukani na mita: ikisoma chini ya 12.4 ikiwa mpya kwenye rafu, iache. Imesubiri dukani muda mrefu, na kusubiri tumeshakuzungumza.

Itachajiwa na nini

Ampea-saa 40 kwa volti 12.8 ni kama wati-saa 510. Huku kati tuna jua la kutosha. Hesabu ya kawaida ninayoitumia ni saa tano za jua kali kwa siku. Paneli ya wati 100 ukiondoa upotevu wa joto, vumbi na waya hukupa kama wati-saa 375. Haitoshi. Wati 150 kwa lithiamu inatosha, kwa sababu karibu chote kinachoingia kinahifadhiwa. Betri ya risasi hupoteza kama sehemu moja ya tano, kwa hiyo anza na wati 200, na bado kuna tatizo lingine: robo ya mwisho ya kujaa inaingia polepole mno, saa nyingi kwa ampea chache. Jua linazama betri ikiwa 85 kwa mia, mjomba anaondoka nayo hivyo hivyo, na ukoko unaanza. Lithiamu inapokea kwa kasi karibu hadi mwisho, na isipojaa haijali.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na zipo siku za Januari paneli inalala usingizi. Kwa siku hizo weka mpango wa chaja ya umeme wa TANESCO. Ya ampea 10 inaijaza lithiamu hiyo kwa saa nne au tano. Ya risasi ipe muda wa saa nane, asubuhi hadi jioni, na usikubali kuiondoa kwa sababu taa imekuwa ya kijani mapema. Chaja iwe ya kemia husika. Zile chaja zenye hali ya "kufufua" betri hupandisha volti juu ya 15 au kupiga mapigo ya umeme, nzuri kwa risasi iliyochoka, mbaya kwa lithiamu.

Ukitumia betri ya maji, usichaji ndani ya hema unamolala. Inapokaribia kujaa inatoa haidrojeni, na sigara moja inatosha.

Nyaya: nilipoharibu zaidi

Betri ya kwanza ya mjomba niliiua mwenyewe kwa waya. Mota iko nyuma, mjomba yuko nyuma, kwa hiyo ili mtumbwi usiinue pua betri inakaa mbele. Mita nne kwenda, nne kurudi. Nilikuwa na waya wa nyumba wa milimita 2.5 kwenye gari, nikautumia. Mota ikazunguka kivivu, waya ukawa wa moto kama chapati inayotoka kwenye kikaango, na mjomba akahitimisha kwamba betri ni dhaifu. Akawa anaongeza gia hadi mwisho kila safari kufidia.

Hesabu yake ni rahisi. Shaba yenye unene wa milimita ya mraba moja na urefu wa mita moja ina ukinzani wa kama om 0.017. Zidisha kwa urefu wote, kwenda na kurudi, gawa kwa unene, zidisha kwa ampea. Kwa mita 8 na ampea 30, waya wa 2.5 unakula kama volti 1.6, mota inabaki na kama volti 10 na kidogo, nyingine zimegeuka joto. Waya wa 6 unapoteza 0.7. Wa 10 unapoteza 0.4, na huo ndio mdogo ninaoukubali kwa mota hiyo. Wa 16 ni 0.26, mzuri zaidi kama mfuko unaruhusu. Taa na simu hazina shida, 2.5 inatosha kabisa.

Chagua waya wa nyuzi nyingi laini. Ule mgumu wa ukutani ukitikiswa na mota usiku kucha unakatika ndani ya ganda na hutaona. Kisha kwangua ncha yake kwa kisu: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba ni alumini iliyopakwa, hata kama muuzaji anaapa. Kichwa cha waya kiwe lagi iliyobanwa kwa koleo lake, si waya uliosokotwa na kuzungushiwa msumari. Juu yake paka mafuta mazito ya kujipaka. Maji ya Mtera ni baridi, hayana chumvi, kwa hiyo kutu huja polepole. Ziwa Singidani, ambako maji yana chumvi, jambo hilo ulifanye mara mbili.

Fyuzi sasa. Wengi wanaiweka karibu na mota kwa sababu ndiko mkono unakofika. Kazi ya fyuzi ni kulinda waya, na waya unaanzia kwenye betri, kwa hiyo ikae upande wa chanya isizidi shubiri moja kutoka betrini. Ukiiweka nyuma, mita nne zote za waya zinabaki bila ulinzi, na waya wa mbele ndio unaosuguliwa na nanga na nyavu. Kwa waya wa 10 na mota ya ampea 30 mimi huweka fyuzi ya 40. Tawi la taa liwe na fyuzi yake ya 5. Lithiamu hapa ni ya kuogopwa kuliko risasi, maana ikigusana chanya na hasi inatema mamia ya ampea kwa kufumba na kufumbua kabla BMS haijakata.

Unapofunga anza na chanya, malizia na hasi. Unapofungua anza na hasi. Spana izungushie tepu, pete ivue. Betri ikae ndani ya boksi la plastiki lililofungwa kwa mkanda, juu ya maji yanayokusanyika sakafuni mwa mtumbwi, chini ya kivuli cha ubao wa kukalia. Boksi la betri ya maji liwe na tundu juu, gesi ipate pa kutokea.

Kuunganisha betri mbili nakushauri uepuke kama huna sababu. Ukiziunga sambamba, ampea-saa zinajumlika na volti zinabaki 12. Ukiziunga kwa mfuatano, volti zinakuwa 24 na ampea-saa zinabaki zilezile. Kwa vyovyote ziwe pacha: aina moja, ukubwa mmoja, zimenunuliwa siku moja. Kuunga mpya na mzee aliyechoka ni kumpa mpya mgonjwa wa kumbeba. Zikiwa sambamba, chukua chanya kwenye betri ya kwanza na hasi kwenye ya pili, zichoke sawa. Lithiamu kwa mfuatano usijaribu mpaka umesoma kwenye karatasi yake kwamba BMS inaruhusu.

Alichobeba mjomba sasa

Tulibishana. Mimi nilitaka LiFePO4 moja ya 100 imalize kila kitu. Yeye akasema, "Mjomba, wewe unalala mjini. Hiyo kubwa ikikata saa nane usiku nikiwa katikati, kiboko atanionea wapi, na mimi nitamwonea wapi?" Mtera ina viboko na mamba, na nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba BMS inapokata haikati polepole kama risasi inayofifia. Inazima ghafla, mota na taa kwa pamoja.

Kwa hiyo tukanunua lithiamu ya 50 kwa ajili ya mota na simu, na kwa fedha iliyobaki betri kavu ndogo ya 18, kilo 5 na nusu, kwa ajili ya taa peke yake. Hazijaungana popote, kila moja ina waya wake na fyuzi yake. Taa inakula 7 kwa usiku, chini ya nusu ya ile ndogo, kwa hiyo hata risasi inavumilia. Tena ina kipaneli chake cha wati 30 kilichofungwa juu ya paa la kibanda, inaanza kuchajiwa asubuhi hiyohiyo na haijui kusubiri ni nini.

Kasia ameliacha palepale lilipokuwa, chini ya ubao.